Pendekezo la Saba: Chai Ikomeshwe

Javan Kweyu alikuwa mshauri, na neno hilo lilimtesa kuliko kazi yenyewe. Mjini, kwenye ofisi za Thuo na Wenzake, lilikuwa neno la heshima. Kadi yake ilisema Mshauri Mwandamizi, Masuala ya Serikali, kwa herufi zilizoinuka ukizipapasa. Lakini jioni akifika nyumbani Shauri Moyo, neno lile lile liligeuka balaa tupu. Majirani walikuwa na akili zao. Mshauri si ni mtu wa kushauri? Basi na atushauri! Jumapili baada ya kanisa walimpangia foleni mlangoni. Huyu mumewe hajaongea tangu Jumanne. Yule jogoo wake anawika saa nane mchana na jirani ameanza kumtazama kwa jicho la supu. Mwingine alitaka kujua kama bintiye aolewe na seremala wa Gikomba au angoje karani. Javan alijaribu kujieleza hadi akachoka.

"Jamani, mimi nashauri serikali," alisema.

Mama mmoja aliyekuja na mambo ya jogoo akamtazama kwa huruma. "Na serikali inasikia?"

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu haikuwa inasikia. Miaka minane Javan alikuwa ameihudumia serikali, idara baada ya idara, na hakuna pendekezo lake hata moja lililowahi kutekelezwa. Nasema hata moja! Idara ya kwanza aliishauri ihamishe mafaili kutoka orofa ya chini hadi ya tatu. Miaka miwili baadaye akaitwa tena, akaishauri iyarudishe chini. Mafaili yenyewe hayakuwa yameondoka hata hatua moja, kwa hiyo upande huo alifaulu bila mtu kujua.

Usidhani hakuwa na kipaji. Alizaliwa hapo hapo Shauri Moyo, baba yake mtu wa reli, na alianza kazi kama karani wa mafaili. Bwana Thuo alimgundua siku moja alipomwuliza faili liko wapi, naye Javan akamjibu, "Tuseme lingekuwapo, ungelifanyia nini?" Thuo akamwajiri siku hiyo hiyo. Kwenye kazi ya ushauri Javan akajifunza kuchora visanduku na mishale. Mtu akimweleza kwamba yeye hufungua barua, Javan alimchorea sanduku lenye jina lake, mshale wa barua ikiingia na mshale wa barua ikitoka, na yule mtu alijiona kwa mara ya kwanza maishani, akafurahi hadi akamwita mwenzake aje aone. Suti zake saba zote zilitoka soko la Gikomba, alfajiri bale la mitumba likifunguliwa. Moja ilikuwa na jina la mchungaji wa ng'ambo ndani ya kola, na Javan alipoivaa alijikuta akiongea polepole.

Watu walimwuliza kwa nini mtu wa cheo hicho hahami, aende kule kwa matajiri, kwenye miti na ua. Alisema mshauri lazima aishi na wananchi. Ukweli ni kwamba aliogopa mbwa. Kule kila lango lina kibao cha mbwa mkali, na mbwa wenyewe hawajali kama una kadi. Kwa hiyo alibaki kwenye vyumba vyake viwili vya Halmashauri ya Jiji, yeye na mkewe Lorine na binti yao Clare, na alivipenda vyumba vile kupita kiasi.

Sasa nije kwa Mama Nabiswa. Huyu alikuwa mama mzazi wa Lorine, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvusha mtu barabara. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa chai katika Idara ya Mihuri na Bahasha. Kama hujawahi kuisikia idara hiyo, usijilaumu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba barua za serikali zina bahasha na bahasha zina mihuri, na ilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili na orofa nne za kuhakikishia. Mama Nabiswa alipewa chumba cha kukaa nyuma ya jengo, kwa sababu maji ya chai huanza kuchemka kabla wakubwa hawajaamka.

Na kwa Waluhya wa kwao, mkwe na mama mkwe ni heshima ya mbali. Hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja wakatazamana. Kulala chini ya paa moja, hilo halitajwi hata kwa mzaha. Javan na Mama Nabiswa walipendana sana kwa mtindo huo. Tangu arusi walikuwa wameonana migongo tu, na kila mmoja alikuwa anausifu mgongo wa mwenzake.

Mwaka wa tisini na sita wafadhili wakasema Idara ya Mihuri na Bahasha ina watu wengi mno, itafutiwe mshauri. Kazi ikamwangukia Javan. Alipaswa kusema mapema kwamba mama mkwe wake yumo humo. Lakini nani angeiacha kazi ya serikali kwa ajili ya birika?

Asubuhi ya kwanza alikuwa amekaa na karani mkuu, anachora sanduku lake, saa nne ikagonga. Kwenye ujia kukasikika vikombe vikigongana na magurudumu ya troli yakilia. Javan roho ikamruka. Mlango ulipofunguka, alikuwa ameshajitupa nyuma ya kabati la mafaili. Mama Nabiswa akauona mkia wa koti, akautambua, akapiga abautani na troli yake, akarudi alikotoka chai ikimwagika sakafuni. Karani mkuu alibaki mdomo wazi. Kufikia mchana jengo zima lilijua kwamba mshauri anaogopa chai, na orofa ya pili walikuwa na uhakika kwamba ni mtu wa kanisa fulani lililoikataza.

Tangu siku hiyo, ikifika saa nne kasoro dakika tano, Javan aliingia mitini, akajificha kwenye ngazi za nyuma hadi vikombe vikusanywe. Kwa njia hiyo, katika miezi mitatu, aliwahoji watu mia mbili na kumi na mmoja kwa fomu yake ya maswali tisa. Mmoja tu alibaki bila kuhojiwa. Kwenye mchoro wake mkubwa wa idara, wenye masanduku na mishale hadi macho yanauma, chai haikuwa na sanduku.

Alichokigundua kilimkera. Hakuna lililotendeka pale bila kutoa chai. Mtu wa Eastlands, mitaa kama Shauri Moyo, hahitaji kuelezwa hii ni chai gani: ni ile isiyo na majani wala maziwa, inayopita chini ya meza ndani ya gazeti lililokunjwa. Javan akaandika ripoti nene ya Kiingereza yenye mapendekezo arobaini na moja. Lakini Mkurugenzi wa idara, Bwana Matheka, mtu mnene mwenye leso mbili, moja ya jasho na moja ya kukunja, akataka pia ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kubandika ukutani.

"Angalia usiandike rushwa," Thuo alimwonya. "Mteja ni mteja. Tafuta neno la adabu."

Javan akatafuta, akalipata. Pendekezo la saba likasomeka hivi: *Chai imezidi katika idara hii. Hakuna faili linalotoka orofa moja hadi nyingine bila chai. Chai ikomeshwe mara moja, kuanzia juu mpaka chini, na wanaohusika waondoke kazini.* Alilisoma kwa sauti mara tatu, akajisifu.

Siku nne baadaye Matheka alipiga simu. Pendekezo la saba limetekelezwa!

Weee! Kule kwa Thuo na Wenzake watu walipiga kelele za arusi. Wakiuru, mpiga chapa, alitumwa soda. Thuo mwenyewe alipanda juu ya kiti, akasema huu ni ukurasa mpya wa historia, kisha akashindwa kushuka, ikabidi ashikwe. Javan alilia machozi ya kweli. Miaka minane! Aliondoka mapema, akanunua kilo ya nyama soko la Burma, akaenda nyumbani kifua mbele akiwasalimia hata watu asiowajua.

Alimkuta Lorine sebuleni akishindilia suti ndani ya gunia.

"Mama Clare, tunahama?"

"Si sisi. Ni wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Mama amefutwa kazi," Lorine alisema, na gunia akalipiga teke liingie pembeni. "Birika limefungiwa stoo. Kuna mshauri ameandika chai ikomeshwe. Baba Clare, hebu niambie, ni mshauri gani huyo?"

Javan akaweka nyama juu ya redio.

"Mimi nilimaanisha ile chai ingine."

"Ipi?"

"Ile ya chini ya meza."

"Mama hajawahi kupikia chai chini ya meza!"

"Mama Clare, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Miaka kumi na tisa! Amepewa siku kumi na mbili atoke kwenye kile chumba. Hana pengine pa kwenda, anakuja hapa. Na akiingia hapa, wewe huwezi kulala hapa, unajua hivyo."

"Sasa mimi nitalala wapi?"

"Wewe si ndiye mshauri?" Lorine akasema. "Shauri yako."

Usiku huo Javan alimfikiria binamu yake Mulongo wa Dandora, ambaye chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, watu wawili na ngoma ya bendi. Lakini kilichomwuma zaidi hakikuwa kitanda. Alimwona yule mama, miaka hamsini na nane, akitoka na sanduku lake la bati kwenye lango la idara kwa sababu ya kalamu ya mkwe wake. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Alijua hatalala kwa amani popote, hata kitanda kiwe cha dhahabu, kama mama hatarudi kazini.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Matheka.

"Mkubwa, kuna kosa dogo la lugha," alianza. "Kwenye pendekezo la saba, nilikusudia chai ingine."

Matheka akakunja leso yake taratibu. "Chai ingine ipi, Bwana Kweyu?"

"Ile... ile ingine."

"Mimi najua chai moja tu. Ina majani, ina maziwa. Kumbe wewe unaijua ya pili?" Aliinama mbele. "Ulionjeshwa wapi? Na nani? Hapa kwangu?"

Javan alimtazama Matheka, akatazama droo ya chini ya meza yake, iliyokuwa wazi, imejaa magazeti yaliyokunjwa vizuri, na akaelewa kwa nini pendekezo lile lilitekelezwa upesi namna ile. Mzee alilisoma, akalielewa sawasawa, akashtuka, halafu akaona birika la kujifichia. Lo, alivyoshukuru kuliona!

"Hapana, mkubwa," Javan alisema. "Ni moja tu."

Alipomweleza Thuo, Thuo hakutaka hata kusikia. "Kampuni haikosei," alisema. "Ikikosea, inaandika nyongeza. Na nyongeza haiandikwi mpaka mteja aiombe." Basi Javan akarudi kungoja mteja aombe. Siku zilienda. Nyumbani suti zake zilibaki kwenye gunia, na kila asubuhi alivuta moja iliyokunjamana, akaivaa hivyo hivyo. Clare alihesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango, akidhani nyanya yake anakuja kwa sherehe.

Zikiwa zimebaki siku nne, Matheka akampigia simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Javan alikimbia, kihalisi, kutoka kwa Thuo hadi idarani. Jengo lilikuwa kimya. Saa tano asubuhi, meza tupu orofa nzima. Tangu birika lifungiwe, watu walikuwa wakitoka saa nne kutafuta chai vibandani, na kutoka huko kurudi kulitegemea hadithi zimefika wapi. Mkurugenzi alimfungia mlango.

"Bwana Kweyu, tuongee kiume," alisema. "Tangu tukomeshe chai, hakuna faili linalotembea."

Javan akasisimka. Hatimaye! Mtu anaungama! "Hata moja?"

"Hata moja. Langu mwenyewe la kupandishwa cheo limekwama orofa ya kwanza. Bila chai halipandi."

"Na chai hiyo ilikuwa ikipitia kwa nani, mkubwa?"

"Kwa yule mama."

"Mama Nabiswa? Alikuwa akipokea?"

"Kupokea, kubeba, kugawa. Kila orofa, kila siku, saa nne kamili."

"Na nyinyi mlijua?"

"Nani asiyejua? Yeye ndiye aliyekuwa na troli."

"Troli!" Javan alishika kiti. Mama mkwe wake, mama wa kwaya, kiongozi wa genge! Na chai gani hiyo inayohitaji magurudumu? "Zilikuwa nyingi hivyo?"

"Siku zingine alilazimika kupanda mara mbili."

"Mungu wangu! Na alizificha wapi?"

"Kuficha kwa nini? Aliyaweka rafu ya chini, birika likiwa juu." Matheka alimtazama kwa mshangao. "Mafaili, bwana! Nakuambia mafaili! Tarishi wetu yuko likizo tangu mwaka wa tisini na moja. Yule mama ndiye alikuwa akitusambazia mafaili pamoja na chai. Wewe ulifikiri nasema nini?"

Javan alicheka. Alicheka hadi Matheka akamsogezea leso ile ya jasho. Hakuna faili linalotoka orofa moja hadi nyingine bila chai! Katika miaka minane hajawahi kuandika jambo la kweli namna hiyo, na aliliandika bila kujua.

"Kwa hiyo mama arudi," alisema akipangusa macho.

"Si rahisi. Wafadhili wameshapata ripoti. Wanasema nafasi moja ikirudi, nafasi nyingine iondoke. Na wanataka mahojiano yake, neno kwa neno, na sahihi yake chini. Nimepekua fomu zako zote. Mia mbili na kumi na moja. Yake haipo. Kwa nini?"

Javan alitazama viatu vyake. "Nitamhoji kesho," alisema.

Lorine ndiye aliyepeleka habari kwa mama na kurudi na masharti. Mama amekubali. Lakini heshima ibaki heshima.

Basi kesho yake, kwenye chumba cha chai, Javan aliusimamisha katikati ubao wake wa kuchorea mishale, wenye karatasi kubwa na miguu mitatu, akaketi upande mmoja akiutazama ukuta. Mama Nabiswa akaingia, akaketi upande wa pili akiutazama ukuta mwingine. Juu ya jiko lilikaa birika, limetolewa stoo, tupu na baridi. Mama akakohoa.

"Birika," alisema, "msalimie huyo mtu."

Javan akafikiri kidogo. "Birika, mwambie mama nimeshukuru. Na mwambie nitaanza. Jina nimeliandika. Swali la pili, kazi yake ni nini."

Mama Nabiswa akalaza mikono mapajani.

"Birika, mwambie," alisema, na ile sauti ya kuvusha mtu barabara ilikuwa imepungua. "Mwambie napika chai. Nabeba mafaili. Orofa ya tatu nawaamsha. Karani mkuu akigombana na mkewe, namwekea sukari tatu, nampa faili lisilo na haraka. Na mwambie hivi. Miezi mitatu mtu alizunguka jengo hili akiuliza kila mmoja kazi yake. Askari wa lango aliulizwa. Hata yule anayelisha samaki wa Mkurugenzi aliulizwa. Mimi kila siku nilikuwa na jibu langu tayari. Hakuna aliyekuja."

Javan akaanza kuiona karatasi kwa ukungu. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Birika, mwambie mama naomba radhi. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa," alisema Mama Nabiswa. "Lakini nilipika."

Wakaendelea. Swali la tatu, la nne, la tano, yote alijibu, na Javan akaandika hadi vidole vikakakamaa. Alijifunza mambo ambayo watu mia mbili na kumi na mmoja hawakumwambia. Kisha wakafika la tisa. Hilo alilitunga mwenyewe na alikuwa akilionea fahari: ni nafasi gani ingeweza kuondolewa bila kazi kuharibika? Kila aliyeulizwa alikuwa amejibu hakuna.

"Lazima nijibu hilo?" Mama aliuliza, na safari hii alisahau birika.

"Lazima, mama. Nafasi moja isipotoka, ya kwako hairudi."

"Na lazima uandike vile nitasema?"

"Neno kwa neno. Halafu usome, utie sahihi."

Kiti kikalia upande wa pili. Mama alikuwa anahangaika.

"Basi andika mshauri."

Kalamu ya Javan ilisimama.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alisema. "Umeniuliza na mimi sijui kudanganya. Huyo mtu anazunguka akiuliza watu wanafanya nini, nao wanaacha kufanya ili wamjibu."

Javan aliikodolea macho ile fomu. Angeweza kusema, mama, tuseme yule wa samaki. Nani angemlilia yule wa samaki? Mama angetia sahihi, pengine, kwa huruma. Aliiona kadi yake yenye herufi zilizoinuka, akawaona watu wakisimama anapoingia na projekta yake, akamwona Thuo juu ya kiti. Hiyo kazi aliipenda. Tusimcheke, aliipenda kweli, mishale na yote. Na wakati huo huo alijua kwamba katika utafiti mzima, wa idara hii na za nyuma zote, hakuwahi kupewa jibu zuri kama hilo. Lingekuwa la mtu mwingine, angeliweka ukurasa wa kwanza.

Akapiga moyo konde, akaandika. M, sh, a, u, r, i.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Mkono mfupi ukapita chini ya karatasi kubwa, ukachukua fomu. Mama Nabiswa aliisoma yote, kisha akarudia ukurasa wa mwisho, na alipofika pale chini alivuta pumzi. Akatia sahihi. Fomu ikarudi kwa njia ile ile.

Nyongeza ilipelekwa Alhamisi. Ijumaa mchana Matheka alikuwa ameitekeleza yote, kwa furaha kubwa, kwa sababu mtu anayejua kuna chai mbili si mtu wa kumweka karibu. Mama Nabiswa alirudi kazini, na sanduku lake la bati likabaki kwenye chumba chake, zikiwa zimebaki siku mbili atolewe. Jioni hiyo hiyo idara ikaandika barua ya kusitisha ushauri wote, na Thuo, ambaye mwaka huo hakuwa na mteja mwingine, akamwambia Javan akae nyumbani kidogo, ataitwa. Alimshika mkono kwa muda mrefu sana. Mtu hashikwi mkono hivyo kama kweli ataitwa.

Kwa hiyo Jumatatu saa nne Javan alikuwa sebuleni kwake, amevaa suti ya mchungaji na tai, maana hakujua wanaume huvaa nini nyumbani siku ya Jumatatu. Gunia lilikuwa tupu, nguo zimerudi kabatini, kitanda chake kiko pale pale. Alifurahi, na alikuwa na huzuni, na hivyo viwili vilikaa pamoja kifuani vikisukumana. Lorine akaingia kutoka kumwona mama, akatoa kikapuni pakiti kubwa ya majani ya chai, akaiweka juu ya meza.

"Mama amekutumia," alisema. "Anasema ni ya asante."

Javan akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na muhuri wa buluu: MALI YA SERIKALI. Akaiweka chini kana kwamba imemchoma.

"Mama Clare, unajua hii ni nini?"

"Ni chai."

"Ndiyo, lakini ni chai!" Alisimama, akaketi. "Ametolewa kazini, nimemrudisha, sasa ananiletea kitu cha ofisi kimefichwa kwenye kikapu. Hii ndiyo ile yenyewe! Miaka minane nimehudumia serikali, sijawahi kupokea hata kijiko. Hii lazima irudi."

"Sawa," alisema Lorine, akiiokota pakiti na kumwekea tena mkononi. "Amesema usipoitaka, umrudishie mwenyewe, mkono kwa mkono, ukimtazama."

Javan aliitazama pakiti. Aliutazama mlango. Alilitafakari jambo lile kwa upana wake wote, kama alivyofunzwa, kisha akauliza kama kuna maziwa.